Nimemwita Rafiki Yangu Mkenya, Amekasirika

Shangazi Kafedha, shikamoo, nina jambo limenikaa kooni na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi nina miaka kumi na sita, twakaa Likoni, Mombasa, na shuleni mwalimu alituunganisha kwa kompyuta na vijana wa Tanga na wa Norwe tuelezane kila mtu nchi yake kwake ni nini, basi wa Tanga akasema yake ni Kiswahili, kwao huulizwi kabila, na msichana wa Norwe akasema yake ni siku moja ya mwezi wa Mei, watu huvaa nguo za kimila wakaandamana wakila aiskrimu, na zamu yangu ilipofika nikataka kuchekesha, nikasema kwetu Kenya iko mbali kidogo, nyanya yangu mtu akipita Mariakani kwenda bara husema kaenda Kenya, na akirudi humuuliza huko Kenya hawajambo, wakacheka hao, nami nikanogewa, nikamshika bega Lynnette ambaye twakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, nikasema, "Na huyu ndiye Mkenya wetu, ametutembelea."

Sasa Lynnette wazazi wake ni wa Kakamega lakini yeye kazaliwa papa hapa Likoni kama mimi, na hakucheka, alikusanya vitabu akahama dawati, hii ni wiki ya pili hanisemeshi, na Alhamisi twarudi kwenye kompyuta wawili wawili kujibu kwetu ni wapi, mimi na yeye ndio tumepangwa, na mwalimu alipomwambia ajiandae akajibu, "Muulize Nyamvula, yeye ndiye ajuaye kwetu." Nyanya asema watu wa bara hawajui mzaha. Shangazi, nijitie homa Alhamisi au nimwandikie kwenye simu kwamba nilikuwa natania, maana wallahi sina rafiki mwingine.

Nyamvula, Likoni

Marahaba, Nyamvula. Nimecheka, sikufichi, maana hata marehemu mama yangu alisema hivyo hivyo, na mjomba aliyehamia Nakuru tulimhesabu yuko ng'ambo. Kisha nikafika kwa Lynnette, kicheko kikanikauka.

Mwache nyanya yako. Yeye husema habari ya safari. Wewe umemsema mtu, tena mbele ya wageni, ukampangia na kwao. Unadhani akienda Kakamega likizo anapokewa vipi? Bila shaka binamu zake humcheka Kiswahili chake wakamwita mtu wa Mombasa. Huko mgeni, huku mgeni, na dawati lenu lilikuwa pahali pekee ambapo hakuulizwa kwao ni wapi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mwanangu, na huu umeshatumbuka.

Homa ya Alhamisi isahau. Simu nayo iweke, radhi haiombwi kwa vikatuni vya kulia. Nenda kwao kwa miguu yako, umwamkie mamake. Usimwambie Lynnette ulikuwa unatania, hilo analijua, ndilo lililomuuma. Sema umekosa, kisha unyamaze, na najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu.

Alhamisi mwachie yeye aseme kwanza kwao ni wapi. Akisema Likoni, usiongeze kitu. Akisema Kakamega, usiongeze kitu. Akishindwa kusema, hapo ndipo ufungue mdomo, umwombe radhi mbele ya wale wale, kwa sauti ile ile uliyowachekeshea.