Mgeni wa Bwawa

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimerudi Visiga na vumbi la Msimbu mpaka kwenye kope. Mimi na shamba langu kule – nilinunua nipate pa kupumzikia wikiendi, nikaishia kuwa katibu wa kikundi cha bwawa. Sababu: nina kompyuta. Hakuna sifa nyingine waliyouliza.

Leo kikao kilikuwa cha ule mfuko wa Dar unaotoa ruzuku ndogo kwa wanaotunza samaki. Sisi tumefunga upande wa matete tangu Machi ili perege wazaliane, asivue mtu. Said alikubali kwa kinyongo. Yeye na wenzake huvua kwa vyandarua, wanakomba hadi vifaranga vya samaki. Kasema wazi: ruzuku ikileta nyavu za macho makubwa, vyandarua anachoma mwenyewe. Isipokuja, vuli ikianza anarudi matetini. Ana watoto wa kulisha. Sikumlaumu, ila nilinuna.

Bi Mwanaamina, mwenyekiti wetu, kafunga kikao kwa kunitwika kazi. "Andika wewe, mwanangu. Ukiongopa kidogo haina neno." Nikamwambia hapana, hawa watu wanapenda ukweli. Kacheka mpaka akashika mbavu.

Jumanne, 8 Julai

Fomu hii! Wanataka "nadharia ya mabadiliko". Nadharia yetu: usimvue samaki mdogo, atakuwa mkubwa. Nikaiandika hivyo hivyo, kisha nikaogopa, nikairefusha. Imekwenda. Bando nalo likaisha palepale.

Jumatano, 30 Julai

Tumepita mchujo! Nimesoma ujumbe ofisini nikapiga yowe, bosi akadhani nimefiwa. Watakuja kukagua wiki ijayo. Sharti kubwa ni moja – upande uliofungwa uwe umefungwa kweli. Umefungwa. Said mwenyewe hapiti kule hata na ndoo.

Nikampigia Bi Mwanaamina. Swali lake la kwanza: watakula nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzuri mno, niandike kabla sijasinzia.

Jana nilikwenda Mlandizi kununua kambale wa kubanika, wanene. Mkoba unanuka moshi mpaka sasa. Leo asubuhi nikamkabidhi Bi Mwanaamina jikoni, nikaenda kupokea wageni.

Wawili. Didas, mtu mzima, kitambi cha heshima. Na Stellamaris, binti wa miwani mikubwa, anaandika kila anachosikia. Didas alipotaja tu kwamba ni Mnyamwezi wa Tabora, basi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi mimi Mnyakyusa nilikuwa nausikia kwa mbali, leo nimeuona. Bi Mwanaamina akauliza, kumbe wapagazi wamefika, mizigo iko wapi? Didas naye: bwawa lote hili bado hamjaliuza mkachezee ngoma? Watu hoi.

Kikaja chakula. Wali, samaki wa nazi, mchicha. Didas akasifia, akauliza samaki wametoka wapi. Bi Mwanaamina bila kupepesa macho: "Humo humo matetini, mtani. Tumevunja sheria kwa ajili ya tumbo lako." Didas alicheka hadi machozi, akaongeza sahani. Mimi pia nilicheka, kwa mbali, maana nilikuwa nahangaika na ramani ya bwawa nje. Nilipokuja kukaa, masufuria yalishakwanguliwa.

Stellamaris aliacha kula katikati. Nikadhani kashiba.

Jumatatu, 11 Agosti

Hakushiba.

Barua pepe imekuja: "Wenyeji walikiri mbele ya wakaguzi kuvua katika eneo lililofungwa." Maombi yetu yamesimamishwa mpaka tutoe maelezo. Nimempigia Didas. Anasema amemweleza Stellamaris kwamba ule ni utani, kajibiwa kuwa fomu ya ukaguzi haina kisanduku cha utani. Nilicheka, halafu nikaisoma tena ile barua pepe.

Said kashasikia. Kaniuliza tu kama mwaka huu vuli itawahi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika kurasa mbili kueleza utani. Kwamba mtani anaweza kukutukana msibani, akachukua kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwamba analolisema halihesabiwi. Nikamalizia: samaki wa siku ile nilinunua mimi, Mlandizi, kwa mkono wangu. Nikasaini jina zima, Atupele na ukoo.

Barua safi sana. Nimejipongeza kwa soda.

Jumatatu, 18 Agosti

Wanarudi keshokutwa. Stellamaris atauliza swali moja, samaki wale walitoka wapi, na anataka jibu lisilo na utani. Bi Mwanaamina kaahidi, ingawa anasema kumjibu mtani bila utani ni kumkosea adabu. Said naye atakuwepo, kusikia mwisho wake.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya jiko la Bi Mwanaamina. Aibu imenibana na kicheko kimenibana, sijui nishike lipi.

Nilifika mapema. Shikamoo, marahaba. Nikaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, nikainua macho. Juu ya mafiga – kambale wangu. Wote! Wananing'inia, wamekauka kuliko nilivyowaleta.

Nikamuuliza. Akashangaa kuulizwa. "Mgeni wa bwawa nimlishe samaki wa sokoni? Watu wangenisema mpaka nife. Nilitega mgono wangu mmoja tu wa fito matetini, jioni moja. Asubuhi umejaa perege wa hivi," akapima kiganja kizima. "Zamani za vyandarua tulikuwa tunatega mitano, tunapata vifaranga vya kumpa paka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema mbele yenu wote, mwanangu. Mkacheka."

Nawaza barua yangu. Samaki nilinunua mimi – kweli nilinunua. Na walioliwa na wageni hawakuwa hao. Nina aibu, tena aibu ya kusaini. Lakini furaha nayo imenipanda bila kuitwa: perege wa kiganja kizima, matetini, ndani ya miezi michache! Tulichoahidi kwenye fomu kimetokea. Tatizo ni kwamba ushahidi wenyewe uko tumboni mwa Didas.

Gari limeingia. Nachungulia. Didas anashuka na matusi yake ya utani, Bi Mwanaamina hajibu, kakaza kanga na uso mzito. Didas kaduwaa. Stellamaris kashuka na hotipoti yake mwenyewe. Said kasimama pembeni, mikono nyuma.

Stellamaris anasema kitu. Bi Mwanaamina kamwomba radhi, kaja huku nyuma, kaniinamia.

"Kashauliza. Nimjibuje, katibu?"

Nimemwambia asijibu. Anitungulie kambale mmoja pale juu, nitakwenda naye mimi, nikaifute barua yangu.

Ananitazama. Kavuta kigoda, anapanda.