Fimbo Yako Imepanda Mulima

Kamina, huku juu ku ferme

Baba yangu mupenzi,

Eyo Vidye, nakusalimia. Nakupigia magoti kwa karatasi hii, maana magoti yenyewe iko mbali. Mugongo yako inakuacha ulale? Na Mama, ile kikohozi ya baridi ilimutoka? Minyi niko muzima. Nimekonda kidogo na jua imenichoma sana, lakini usisikitike, ni jua ya kazi. Leo nitajisifu, Baba, na sitaficha. Ukichoka na majivuno yangu, weka barua chini, kunywa chai, kisha uendelee.

Unajua patron, mwenye hii ferme ya ngombe, alinichukua huku juu ya kukamua ngombe na kupeleka maziwa ku Base, ile kambi ya jeshi, kwa bibi za basoda. Kisha gérant wake, musimamizi wa ferme, akaondoka, naye akaniambia niangalie ngombe mpaka apate mwanaume wa kazi ile. Hakupata. Mvua ilipoanza akaniita.

"Mwadi, kila saison sèche, mvua ikikatika, ngombe zangu zinakufa na njaa. Mwaka huu njo ya mwisho. Zikikufa tena, nauzisha zote kwa babucheri bazichinje, nafunga ferme. Zikisimama, weye njo gérante."

Nikasema ndiyo upesi, mbele akili inirudie.

Sasa, ferme iko hivi. Juu ni milima, nyasi mingi wakati wa mvua, kisha inakauka yote na bantu banaichoma. Chini kuna bonde yenye mayi, na nyasi yake haikauki upesi. Bachungaji balizoea kushusha ngombe mule kila siku, mvua ao jua, maana ni karibu na hakuna kupanda. Basi njaa ikifika, inakuta bonde imekwisha kulambwa. Niliangalia ile, nikawaza lac, ile ziwa yetu, vile unafungaka ile kona ya matete wakati samaki banazaa, hakuna muntu kutupa wavu mpaka batoto ya samaki bakomae. Nikasema nyasi nayo ipate nafasi ya kukomaa.

Nikakata fimbo, nikafunga majani pa kichwa sawa vile unafunga weye, nikazipanda kuzunguka bonde yote. Ngombe nikazipeleka juu ku milima. Kwetu, hata mutoto mudogo akiona fimbo ile anajua hapa pamefungwa, anageuza mutumbwi. Lakini bantu ya huku hawajaona lac hata siku moja, na minyi sikueleza kitu. Nilipanda tu, nikaenda zangu.

Ile bonde ilinenepa, Baba. Na bachungaji balitii kuliko nilivyotumaini, hakuna hata mumoja aliingiza ndama kwa siri. Nikaanza kujiambia: Mwadi, unajua kuamuru bantu weye! Kumbe baliogopa. Papa Mbayo, mukubwa wa bachungaji, mwenye alizeekea ku ferme hii, alikuwa amebaambia bote kwamba huyu binti ya mayi ametega dawa mu bonde.

Hiyo nilikuja kuijua siku ya kufungua. Milima yote ilikuwa nyeusi na moto, mbavu za ngombe zinaanza kuhesabika. Nikangoa fimbo, nikamwambia Papa Mbayo ashushe ngombe. Akakaa chini.

"Minyi siingie mule," akasema.

"Papa, ni alama tu. Baba yangu anafungaka lac hivi."

"Baba yako anafunga mayi na dawa?"

"Na majani, Papa."

"Njo vile banasemaka bote."

Nikaomba, nikacheka, nikakasirika. Wapi! Na kesho yake patron alikuwa anakuja na babucheri ya ku Base kuangalia mifugo. Nikaenda kulia nyuma ya zizi. Nyasi iko pale, njaa iko hapa, na mwenye kuweka kizuizi katikati ni minyi mwenyewe. Kisha nikapangusa macho, nikabeba mufuko ya chumvi. Ngombe haijui habari ya dawa, inajua chumvi. Nikatembea mbele nikiita, nikiitupa juu ya majiwe, mpaka nikaingia mu nyasi yenye kunifika kiunoni. Ya kwanza kunifuata ilikuwa Bijou, ile ngombe Papa Mbayo anaipenda kuliko bibi yake. Muzee akapiga kelele, "Bijou, rudia!" Bijou hakugeuza hata sikio. Alikula. Zingine zikamufuata. Muzee akasimama pembeni akingoja Bijou aanguke, akangoja weee, hakuanguka. Mwisho akavua viatu, akaingia polepole kama muntu mwenye amechelewa misa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Patron alipokuja alitembea bonde yote. Kisha akabaambia babucheri bapande camion yao, barudie. Leo mvua ya kwanza imenyesha na hakuna ngombe hata moja ilikufa na njaa. Niko gérante, Baba. Binti yako wa ku mayi anaongoza ferme ya mulima, na banaume banakuja asubuhi kumuuliza ngombe ziende wapi.

Mwana wako mukubwa, Yaya Ngoie, aliniambia ku simu kwamba vijana balingoa fimbo zako ku lac, bakavua mpaka samaki badogo, na toka siku ile hugusi mutumbwi, unasema kazi yako imekwisha. Iliniuma sana.

Unisalimie Mama, asiende shamba na ile kifua. Unisalimie nkambo mwanamuke, nyanya yetu, umwambie bado nakula ugali yake mu ndoto. Yaya Ngoie na bibi yake, na mutoto wao mwenye sijamuona bado, unibusie bote.

Wiki hii tulipaswa kufunga bonde tena. Bachungaji benyewe balikata fimbo, bakafunga majani, lakini Papa Mbayo amezilaza chini. Anasema hawezi kupanda fimbo ya muntu mwenye angali hai bila yeye kuwapo. Mwenyewe aje apande ya kwanza, tumuone. Nikamwambia baba yangu amezeeka. Akanijibu, "Treni ya Bukama inabebaka bazee."

Ngombe ziko zinachungulia bonde, Baba, na bantu bote banakungoja. Kuya, upande fimbo ya kwanza.

Binti yako,
Mwadi