Kichupa cha Marashi

Bibi yangu,

Mkojo niliopeleka hospitali Msambweni haukuwa wako. Ulikuwa wangu. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Wakumbuka ulivyokataa kukojoa kule hospitali, ukasema mkojo wa mtu mzima hautazamwi na vijana. Yule dresa, mganga msaidizi wa dirisha la vipimo, akasema basi, uletwe wa asubuhi kutoka nyumbani. Mguu wako ulikuwa umevimba kwa kile kidonda, huwezi kwenda tena. Ukaosha kichupa chako cha marashi, ukakijaza, ukakifunga kipande cha leso, ukaniambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, asikione mtu."

Njia panda nilimkuta Bi Mejumaa akikaanga vitumbua, wateja wamemzunguka. Leso ilikuwa imelegea. "He! Marashi hayo! Mwali aolewa wapi leo? Njoo utupake na sisi!" Akanyoosha mkono akitwae. Watu wakacheka. Nilikimbia, Bibi. Nyuma ya mkorosho nikaumwaga wote, nikakaa chini nikalia. Nilikuwa nimemaliza shule wiki ile, nimepewa na cheti, na kubeba kichupa kumenishinda.

Kurudi nacho kitupu niliona haya. Kukitoa kitupu pale dirishani niliona haya zaidi. Nikaingia choo cha hospitali nikakijaza mwenyewe. Dresa akachanganya na dawa yake ya buluu, akapasha moto. Ikabaki buluu. Akasema kama kuna sukari hugeuka nyekundu kama tofali. "Bibi yako hana sukari. Mwambie asiwe na hofu."

Nikakuletea maneno hayo kama yalivyo. Ukapiga kigelegele ukiwa kitandani. Ukataka kaimati, nikakukaangia, nikazimwagia shira ya sukari mpaka zikaogelea. Ulikuwa wamaliza mtungi wa maji na bado una kiu, ukasema ni joto la kaskazi. Kidonda kikawa cheusi. Mwezi wa mfungo haukukukuta hai.

Sijui kama ungepona. Nilimuuliza dresa baadaye, kama mtu aulizaye tu, akasema pengine mguu ulikuwa umekwisha kuharibika. Pengine.

Habari za nyumbani ni hizi. Arobaini yako imepita. Kuku wako wa kishingo ametotoa. Kitanda chako nalalia mimi. Na mama ameanza kunywa maji kama wewe. Asubuhi moja niliona sisimizi wamejipanga uani, pale anapokogea na kukojoa, nikajua. Nilipomwambia akapimwe alisema, "Kwetu hakuna sukari. Mama yangu alipimwa." Nilimsihi siku tatu. Sikumwambia sababu.

Akakubali. Nikachukua kichupa kile kile. Alipotafuta leso ya kukifungia nikamwambia hapana.

Bi Mejumaa aliniona kutoka mbali. "Marashi yamerudi!" Nikasimama. Nikasema, "Si marashi, Bi Mejumaa. Ni mkojo wa mama, naupeleka ukapimwe sukari." Hakucheka mtu. Vitumbua vikaungua. Nilipoondoka akanifuata hatua chache, akasema chini chini, "Mwanangu, mimi nami miguu yafa ganzi. Na kiu. Nikikupa wangu utanichukulia?"

Wa mama uligeuka mwekundu. Wa Bi Mejumaa pia. Dresa asema zamani dawa ile ilikuwa ikikaa tu kwenye rafu, sasa kila afunguapo dirisha yupo wa kupimwa, na si matajiri wa mjini, ni wakulima na wavuvi. Mama achomwa sindano kila asubuhi. Naichemsha mimi, kwenye sufuria isiyopikiwa kitu kingine. Dawa yenyewe hukaa ndani ya mtungi wako, ipate ubaridi. Chai twanywa sote bila sukari, asijione peke yake. Bi Mejumaa aapa kwamba vitumbua vyake havionji tena. Nimemwona akionja.

Watu wanisifu kwa kubeba vichupa vyao. Wakinisifu nainama.

Siku ya maziko yako watu waliombana radhi, mimi nikanyamaza. Basi naomba leo. Niwie radhi, Bibi. Naahidi kwamba kila atakayenipa chake nitakifikisha, nimekiandika jina lake, wala sitamwaga hata tone.

Mungu akulaze pema. Mama angali asema kwamba wewe hukuwa na ugonjwa huu. Nitamwambia, lakini kwanza apate nguvu. Mpaka siku hiyo, siri hii iwe kichupa chetu, nakuomba kama ulivyoniomba wewe: asikione mtu.

Ni mimi, mke mwenzako.