Bloki za Igihozo

Jumatatu, 8 Septemba

Bloki imesagika. Si kuvunjika — kusagika! Niliiweka kwenye mashine ya kubana, nikageukia kompyuta kuandika tarehe, nikasikia sauti ya mtu anatafuna biskuti. Kugeuka, unga mtupu mezani.

Modeli yangu ilisema itabeba mara nne ya mzigo ule. Mara nne! Nikaitukana mashine. Nikamwita Régis, mwenzangu wa labo — yeye ni wa vyuma na mashine, mimi wa kompyuta na hesabu. Akaikagua, akasema haina kasoro. Nikabisha. Akabana bloki ya saruji ya dukani, ikashika vizuri tu.

Tukajaribu nyingine mbili kutoka Nyamyumba, zinakotengenezwa. Biskuti. Biskuti.

Régis akasema labda ziliingia maji njiani. Nikakubali haraka mno. Eti maji. Mvua yenyewe haijanyesha tangu Juni.

Jumanne, 9 Septemba

Naandika ili nitulie.

Bloki zetu zina vitu vitatu: vumbi la makoro, yale mawe meusi ya volkano tunayoyakanyaga kila siku, chokaa, na saruji kidogo, kijiko tu cha kuanzia. Chokaa na makoro vikipata maji vinashikana taratibu, wiki baada ya wiki. Kazi ya modeli ni kukadiria kabla: ukichanganya hivi, nguvu itakuwa hivi, tetemeko likija ukuta utafanya vile. Hakuna haja ya kujenga nyumba mia na kungoja zianguke. Ndivyo nilivyosema Kigali kwenye mkutano. Nilivaa suti. Walipiga makofi, mtu mmoja akaomba kupiga picha ya grafu.

Nyamyumba wanaziita "bloki za Igihozo", kwa jina langu. Mtu akisema "bloki za labo", mimi humsahihisha. Kabisa, humsahihisha! Natabasamu kwanza, halafu namsahihisha.

Na nyumba ya kwanza iliyojengwa kwa bloki hizo ni ya Tantine Donatille, mdogo wake Mama. Ile ya zamani iliporomoka 2021, volkano ilipolipuka na ardhi ikatetemeka wiki nzima. Hii mpya wanaitaha, yaani wanaizindua, Jumamosi ya wiki ijayo. Kuna hema, kuna soda, kuna hotuba. Hotuba ni yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Nyamyumba, kwenye stoo ya ushirika wa akina mama wanaotengeneza bloki. Nilitaka kuona chokaa kwa macho yangu.

Magunia yamepangwa vizuri. Kila gunia lina picha ya hindi.

Hindi! Ni chokaa ya shamba. Jiwe lililosagwa tu, halijachomwa, la kupunguza uchachu wa udongo. Kwa viazi ni dawa. Kwenye bloki ni sawa na kutia mchanga.

Uwimbabazi, mwenyekiti wao, alikuwa ananifurahia, ananitafutia kiti. Nikamuuliza nani aliwaambia watumie hii. Akanishangaa. "Si ni ishwagara mulisema? Njo hii. Tena tulikuuliza, na we ukaitika."

Ni kweli. Waliniuliza.

Siku ya mafunzo nilisema kwa Kiswahili, Régis akatafsiri. Mimi: chokaa. Yeye: ishwagara. Hakukosea, kwa Kinyarwanda zote mbili ni ishwagara, iliyochomwa na isiyochomwa, ya kupaka ukuta na ya kutia shambani. Halafu simu yake ikalia, akatoka nje. Na ndipo mama mmoja wa nyuma akauliza kitu, haraka haraka, na wote wakanigeukia mimi.

Sikuelewa. Nimekulia Goma, upande wa Kongo, hadi namaliza sekondari, na nikifungua mdomo kwa Kinyarwanda watu hufunika midomo yao wasinichekee usoni. Mhandisi mzima! Niliona haya kusema, "Mama, rudia." Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Nikasema: "Yego." Ndiyo.

Alikuwa ameuliza: hii ya shambani?

Yego.

Nimerudi na konzi moja ya ile chokaa kwenye bahasha. Jikoni kwa Mama nikaimwagia siki. Ikatoa povu hadi ukingoni mwa kikombe, kama jiwe bichi linavyofanya. Mama akauliza, "Uko napika nini tena?" Nikamwambia ni ya kazi. Akasema basi nioshe kikombe chake muzuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Hii nisingemwambia mtu hata kwa fimbo.

Leo nimerudi kwenye modeli. Nikaondoa chokaa iliyochomwa, nikaweka ya shamba, yaani karibu sifuri. Nikaiacha ipige hesabu. Jibu likatoka, nikaliweka kando ya jibu la mashine. Yanafanana! Mstari juu ya mstari.

Na mimi nikapiga makofi. Nikasema "Oui!" kwa sauti. Nilifurahi kweli, moyo mzima, kwa muda wa kutosha kusimama na kuzunguka kiti. Modeli haijakosea! Niliyekosea ni mimi tu. Halafu nikaiona ile namba kama ukuta, na nani atalala chini yake, nikakaa. Ni mara ya kwanza kutamani modeli yangu iwe ya uongo.

Docteur Ndahiro, mkuu wetu, alikuja mbio aliposikia; kwake huo ni uthibitisho wa makala tunayoandika. "Mais ça, ni validation! Iko section nzima ya article!" Nikamwambia kuhusu nyumba ya Tantine. Akauliza nyumba imesimama? Imesimama. "Bon. Donc tutume article kwanza. Kisha tutafanya rapport, tutaenda kuwaambia vizuri, na barua." Alikuwa anatafuta miwani iliyo kichwani mwake. Si mtu mbaya. Anaogopa tu, na mimi naogopa, na waoga wawili wakikaa ofisi moja mambo huwa mepesi.

Nikajibu: sawa, Docteur.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa tumekwenda wote kwa Tantine, Nyamyumba. Nyumba imepakwa rangi. Nzuri. Ingekuwa mbaya ningepumua.

Koko Mukamana alikuwepo, mama yao, nyanya yangu. 2021 walimtoa nje juu ya godoro, watu wanne, dari ikimwaga vumbi usoni pake. Tangu siku hiyo hataki kulala ndani ya ukuta. Analala kwenye kibanda cha mbao nyuma ya uwanja. Mbao ikianguka, anasema, inaniumiza, hainiziki. Mvua ya Aprili ilimpa kikohozi hadi hospitali. Tantine amejenga nyumba hii hasa kwa ajili yake — chumba kikubwa ni chake, kitanda kimewekwa tayari.

Koko akanivuta mkono. Akanikalisha karibu yake.

"Banasema hii bloc ni we ulitengeneza."

"Ni mi, Koko."

"Si mutu mwingine? Si wazungu?"

"Ni mi."

Akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. "Bon. Mi sina akili ya masomo. Niambie tu. Nilale?"

Tantine alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, anasubiri jibu kuliko Koko. Mama pia.

Nikasema, "Lala, Koko."

Alhamisi nilishajua. Ijumaa nilishapiga hesabu. Leo ni Jumapili, na nimesema lala. Ile "yego" niliisema bila kuelewa, naweza kujitetea. Hii nimeisema naelewa kila herufi. Najichukia.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi ardhi imetikisika. Kidogo — vikombe vimegongana kabatini, mbwa wa jirani wamebweka, watu wa mtaa wetu, Mbugangari, wametoka nje na miswaki midomoni, wakacheka, wakarudi ndani. Kwetu hii ni kama kupiga chafya. Mimi nilibaki nimeshika meza.

Tantine akapiga simu kabla sijaipiga mimi. Anapiga kelele za furaha! "Igihozo, sha! Nyumba haikusogea ata kidogo! Ata mustari! Majirani bote bamekuja kuangalia. Banauliza bloc zako biko wapi!"

Nikasema, "Namushukuru Mungu, Tantine." Nikaweka simu chini.

Bila shaka haikusogea. Siku tulivu itasimama. Tetemeko la chafya itasimama. Modeli inasema hivyo, na modeli yangu, laana hii, haikosei. Likija kama lile la 2021, ukuta wa chumba kikubwa unaanguka kwa ndani.

Nikampigia fundi Mutabazi. Nikamuuliza kama anaweza kuongeza chaînage, ule mshipi wa zege na nondo unaozunguka juu ya kuta na kuzifunga pamoja. Akauliza: "Sasa hivi? Na mabati iko juu? Ni kubomoa, madame. Si mi nilitaka kuweka, we ukasema na hizi bloc haiko lazima?"

Nilisema. Nilimwonyesha grafu kwenye simu. Nakumbuka nilivyoivuta kwa vidole viwili ili aione vizuri.

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Iko shida?" Nikasema hapana, ni utafiti.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kumwambia Tantine. Nimekula. Nimesaidia kupanga viti. Nimerudi na maparachichi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nyamyumba. Nimekuja mapema, kabla ya wageni, nimwambie Tantine peke yake. Kumbe wageni walikuja mapema kuliko mimi! Hema limejaa. Uwimbabazi na akina mama wa ushirika wamevaa vitenge vya sare. Docteur Ndahiro yuko mstari wa mbele na kamera. Habari zimefika mbali: mkuu wa shule ya watoto wadogo, ya huku huku, amenifuata nikiwa bado na helmeti ya moto. Anataka bloki za Igihozo kwa madarasa mawili. Nikasema tutaongea. Hiyo "tutaongea" ndiyo hodari kuliko maneno yangu yote ya wiki hii!

Nimemvuta Tantine pembeni. Nimeanza kweli. "Tantine, kuna kitu kuhusu nyumba—" Akanigeuza mgongo, akaanza kunipigapiga mabegani. Nilikuwa nimeegemea ukuta, mahali ambapo rangi imebanduka. Gauni la bluu limekuwa jeupe. "Ona, umejichafua, na we njo wa hotuba!" Anacheka, anapangusa. Unga ulikuwa unaanguka miguuni petu wote wawili na yeye anaona ni vumbi. Kisha wakamwita kwenye soda.

Nimeuliza hotuba ni saa ngapi. Régis akasema muda si mrefu, nisiwe na wasiwasi, niseme Kiswahili changu na yeye atatafsiri. Nikamwambia hapana. Nitasema mwenyewe, Kinyarwanda, hata kama nitakivunja. Wafunike midomo. Wiki nzima nimejifunza kutamka: ishwagara iliyochomwa, ishwagara isiyochomwa. Nimepata maneno. Kilichobaki ni kusimama mbele ya kamera ya Docteur, mbele ya mama mwenye nyumba, na kuyatoa.

Nimeingia chumba kikubwa kutafuta utulivu. Ndipo ninapoandikia sasa.

Sikuwa peke yangu. Koko ameshaingia! Amepitia mlango wa nyuma, hakungoja hotuba wala baraka. Yuko kitandani, kitanda kimebanwa ukutani, shuka jipya hadi kifuani. Viatu amevivua, amevipanga chini, pua zimeangalia mlango.

"Funga mulango, mutoto. Bana kelele sana."

Sijafunga. Nimekaa kwenye mguu wa kitanda na kaye yangu, daftari hili.

Anasema tangu ile volkano hajasikia joto hivi. Anaweka kiganja ukutani, anakipitisha taratibu, anakitazama. Cheupe. Anajipangusa kwenye shuka, haulizi kitu. Ameniamini hadi hapo.

"Uko naandika nini?"

"Hotuba, Koko."

"Njo vile. Basi nisomee mi kwanza. Mi njo mukubwa hapa."

Nje Régis anajaribu mikrofoni — moja, mbili, moja, mbili. Wanaita jina langu. Wanapiga makofi.

Sijui nianzie ukurasa gani.

Nimemwambia: "Koko, vaa viatu kwanza." Amedhani sijasikia vizuri. Nimerudia. Nimechuchumaa, nimevishika mwenyewe, nimemwekea miguuni. Ananitazama, anauliza sababu.

"Juu ya nini?"