Modesti, Nyimbo Zako Ziko Chini ya Meza

Mwaka mmoja umetimia, mwanetu Modesti, tangu homa ya mapafu ilipokuondoa kwetu. Tungeanza na sala, lakini tunaanza na maneno ya sokoni, maana ndiyo yaliyomkaa mama yako kama kibanzi kidoleni. Watu walisema wimbo wako, "Bwana, Ulezi Umeiva," haukuwa wako. Walisema mwenyewe yuko Kirando, mwalimu wa kwaya anaitwa Meshack, na wewe uliuokota tu ulipokuwa unapeleka mabenchi huko ziwani.

Mama yako, Evodia, aliyasikia akinunua dagaa. Aliyesema wala hakuinua uso. Mama akamwambia, "Hebu acha kuchambua hizo dagaa, unitazame, kisha urudie." Yule mama akageukia mteja mwingine. Lakini njia yote ya kurudi nyumbani Chanji mama yako aliwaza kwamba hana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Alizichoma mwenyewe. Tunaliandika hapa ili wengine wajihadhari. Baada ya matanga, baridi ya Juni imeshika kweli kweli, alikuta kaunta buku zako mbili zimejaa nota: d, r, m, nukta na vistari. Yeye elimu yake ni ya msingi. Akadhani ni mazoezi ya binti yako Sharon. Akawashia moto wa uji. Mkeo Cornelia alipoingia jikoni alipiga kelele, "Mama, hizo ni nyimbo za Modesti!" Lilibaki jalada moja, nalo nusu.

Ulikuwa fundi seremala wa kuimba, Modesti. Randa ikienda mbele unaimba, ikirudi unaimba. Wimbo ukikujia hukutafuta karatasi; ulichomoa penseli sikioni ukaandika kwenye ubao palepale. Sisi tulidhani baadaye unanakili kwenye kaunta buku, kisha unafuta. Baba yako Isdori alikutania, "Mteja ameagiza meza, wewe unampa misa." Ulicheka hadi vumbi la mbao likakupalia. Mfiwa akija, uliacha kazi zote ukamtengenezea jeneza kwanza, na siku hiyo hukuimba.

Kila wimbo mpya ulimwimbia mama yako akipepeta ulezi. Ungo ukisimama, ulisema, "Huu umepita." Ungo ukiendelea, ulirudi karakana kimya.

Na kufundisha kwako! Sauti ya kwanza kwa mama. Ya pili ulimfuata mwanakwaya mwenzako Bertilla nyumbani kwake. Ya tatu kwa mdogo wako Abel. Besi ulimpelekea rafiki yako Nsajigwa, karani kutoka Mbeya, Mmoravian anayeishika besi ya Wakatoliki kuliko Wakatoliki wenyewe. Kila mtu peke yake, hadi sauti yake imkae, ndipo mnakutana. Ila jina lako hukuliandika popote. "Mama, Mungu ananijua," ulisema. Mungu, ndiyo. Na kamati ya kijitabu cha nyimbo za jubilei ya parokia je?

Kamati iliita pande zote mbili ukumbini Jumamosi moja: wimbo uchapwe kwa jina la nani? Meshack akasimama akaimba sauti ya kwanza, tena vizuri, kijana ana koo. Padre akamuuliza, "Na sauti nyingine?"

"Baba, nyingine bado naziandaa."

Nsajigwa akanong'ona, "Mama, tuanze?" Tangu utuache hatukuwa tumeuimba, kwa uchungu. Mama yako akafumba macho, mikono ikaanza kutikisa ungo usiokuwepo, akaanzisha. Bertilla akaingia. Abel akaingia. Besi ilipoingia, Modesti, ukumbi ulijaa! Hakuna aliyekosea, hata pale penye pumziko ulipotugombeza wiki tatu. Wanakamati wawili walisimama bila kujua wamesimama. Vigelegele! Padre akavua miwani akaifuta.

Meshack akaja akapiga magoti mbele ya mama yako. "Shikamoo, mama. Naomba uniamini, sikuiba. Niliukuta umeandikwa kwa penseli, sauti ya kwanza tu, chini ya benchi la kanisani kwetu, siku tulipoligeuza kutengeneza mguu. Haukuwa na jina. Nikadhani hauna mwenyewe."

"Benchi la mninga?" Abel akadakia.

"La mninga."

"Hilo alilitengeneza kaka!"

Mama yako alimwinua huku analia na kucheka kwa pamoja. "Inuka, mwanangu. Kumbe hakufuta!"

Nsajigwa hakungoja chai. Alikimbia kwake, akarudi na stuli uliyomtengenezea ameibeba kichwani, miguu juu. Chini yake: wimbo wa Pasaka ambao hakuna aliyewahi kuusikia! Tangu hapo mji umepata kazi. Watu wanapindua vitu hadi wageni wanabaki wamesimama. Zimeshapatikana nyimbo tano, mmoja kwenye kitanda huko Ilemba, mwingine nyuma ya kabati kijijini Kate. Anayezunguka kuzinakili ni Meshack huyo huyo.

Kijitabu kimechapwa. Chini ya wimbo pameandikwa: Mtunzi, Modesti Isdori, seremala. Jumapili hii, kwenye misa ya kukuombea, tutaimba ule wa chini ya stuli. Mama yako ameujaribu akipepeta. Ungo ulisimama.

Tunaokukumbuka ni baba yako Isdori, mama yako Evodia, mkeo Cornelia, binti yako Sharon, mdogo wako Abel, Bertilla, Nsajigwa na kwaya yote. Siku zote utakuwa kinywani mwetu, Modesti, kukusahau hatuwezi.

Nanyi mlio na meza, stuli, kitanda au benchi la Modesti, pamoja na ninyi watunzi vijana, epukeni haya:

Msipige randa upande wa chini.

Msipake rangi kabla hamjageuza.

Msifute vumbi kwa kitambaa kibichi; penseli inaondoka.

Msichome karatasi msizozielewa. Ulizeni kwanza.

Msitunge wimbo mkaacha kuandika jina, hata kama Mungu anawajua.

Na mkikuta nota zisizo na jina, msiseme hazina mwenyewe. Ana mama.