Sigara Nisiyovuta

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwenda kliniki kutaka vidonge vya uzazi wa mpango. Watoto watatu wanatosha, na miaka thelathini na nane si utoto. Nani yuko kwenye dawati? Wifi! Dada wa mume wangu, kwenye sare yake ya uuguzi. Akauliza kama navuta sigara. Nikasema hapana. Ningesemaje? Kabla ya jua kuzama ukoo mzima ungekuwa na habari. Akanipa vidonge.

Alhamisi, 13 Machi
Kiwandani washonaji wanaume wanavuta mlangoni, wamekaa mguu juu ya mguu. Hakuna anayewauliza. Mimi, niliyekata vitambaa hapa miaka kumi na moja, navutia chooni na kusugua meno kama mwizi. Leo sigara sita. Wananiudhi. Mimi mwenyewe najiudhi zaidi.

Jumanne, 25 Machi
Ndani ya pakiti ya vidonge mna karatasi imekunjwa mara nane. Leo ndiyo nimeisoma. Mwanamke aliyepita thelathini na tano, kama anavuta, asivitumie — damu inaweza kuganda. Kumbe ndiyo sababu ya lile swali! Nilidhani umbea. Mficha uchi hazai, wanasema — na mimi nisiyetaka kuzaa nimeuficha kwelikweli. Niache vidonge? Mume atauliza kwa nini. Niache sigara? Nimejaribu. Nilifika saa nne asubuhi tu, nikawasha.

Jumamosi, 29 Machi
Shavu la mguu wa kushoto limevimba, lina moto. Ni kusimama sana mezani. Najidanganya.

Jumatatu, 31 Machi
Kwenye ngazi za kiwandani pumzi imeniishia. Msimamizi amenileta kliniki. Niko kitandani, mkoba pembeni, naandika mwandiko wa kuku.

Daktari ameuliza kama navuta. Sijafungua mdomo, wifi akajibu: “Huyu? Hajawahi hata kuishika, dokta. Ni wifi yangu, namjua.” Kwa fahari! Nikanyamaza. Mjinga mimi. Daktari akasema huenda ni msuli tu, ataniandikia dawa ya maumivu nirudi nyumbani. Ametoka.

Kifua kinachoma nikivuta pumzi. Naogopa.

Wifi ananivua viatu, polepole, kama anamvua mwanawe. Anasema nisiwe na wasiwasi. Nimeandika neno moja ukurasa unaofuata, herufi kubwa: NAVUTA.

Ananiuliza naandika nini.