Rundo la Kushoto

Southwark, London
Tarehe 9 Novemba, 1608

Mdogo wangu mpenzi Thomasin,

Salamu zangu zikufikie huko Lavenham wewe, watoto wako Hester na Barnaby, na mama mkwe wako ambaye najua atataka asomewe barua hii. Usimsomee kabla hujaimaliza peke yako. Ni matumaini yangu kwamba kikohozi cha Hester kimepoa, na kwamba mvua hizi hazijawaloweshea kuni. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, meno yangu yote yapo. Siku hizi naona haya hata kuutaja uzima huo.

Soksi za sufu na jibini ulizomtumia mumeo zilifika Alhamisi. Kaa chini kwanza, mdogo wangu. Ambrose alifariki Jumanne, siku mbili kabla. Ni homa ya gereza iliyomchukua, ile inayowapitia wote waliolala kwenye majani yale machafu, mwizi kwa asiye mwizi. Tulimzika Jumatano mvua ikinyesha, mimi na Fulke Maddern yule mchekeshaji wetu, na kasisi aliyekuwa na haraka. Nilimvisha shati langu safi kwa sababu lake halikufaa tena. Sina maneno ya kukufariji, na huyu anayekwambia hivyo ni mtu aliyeishi kwa kuuza maneno.

Zile barua mbili nilizokuandikia Oktoba, kwamba anakula vizuri na atatoka kabla ya baridi, zilikuwa za uongo. Alikuwa amekonda mpaka pete yako ikawa haikai kidoleni, akaifunga kwa uzi. Nimeifungia humu ndani ya kitambaa.

Unastahili kujua ilivyokuwa tangu mwanzo. Kazi yetu unaifahamu. Mimi natunga michezo, Ambrose anainakili, maana mwandiko wangu hausomeki. Miaka yote alikuwa akinitania, “Shemeji, ukurasa huu umeuandika wewe au kuku amekanyaga wino?” Kila mwigizaji hupewa maneno yake mwenyewe tu kwenye karatasi ndefu ya kukunja, na karatasi hizo zote zilitoka mkononi mwa mumeo. Waigizaji walimpenda kwa hilo. Walisema mwandiko wa Ambrose unajikariri wenyewe.

Ila mchezo haupandi jukwaani kabla haujasomwa na ofisa wa mfalme. Asichokipenda hukipiga mstari. Mchezo wangu wa mwaka huu aliupenda, isipokuwa mistari minane ambamo mtumishi anamsema bwana wake aliyenunua cheo. Mji mzima ungejua ni bwana gani. Akaniagiza niandike mingine, nikaandika ya upole, akaisoma, akatia sahihi kwenye ukurasa wa mwisho. Ambrose alijua kuna mistari imefutwa, lakini hakujua ni ipi, wala hakuwa na haja ya kujua. Mezani kwake palikuwa na marundo mawili. Rundo la kulia lilikuwa la kurasa zilizokubaliwa, la kushoto kurasa zangu za zamani za kuwashia moto. Alikuwa ananakili huku moyo wake uko kwenu, akipanga kuja kukuvunia matofaa.

Tulicheza Jumamosi alasiri mwezi Septemba, ukumbi umejaa. Fulke akafika kwenye sehemu ya yule mtumishi, akaisema ile mistari minane iliyokatazwa, yote, neno kwa neno. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Siku ya tatu askari walikuja.

Tulipelekwa wote watatu mbele ya waheshimiwa wanne. Fulke aliulizwa kwa nini amesema maneno yale, akajibu kwamba yeye ni kama kasuku, anasema alichopewa, na karatasi yake ndiyo ile pale mezani. Ambrose akaulizwa mwandiko ni wa nani. Akasema ni wake. Mimi nikaulizwa kama maneno ni yangu. Nikasema ndiyo, niliyaandika mwanzoni, yakafutwa kwa amri, nikaitii, na ukurasa mpya upo kwenye rundo la kulia kwa yeyote anayetaka kuuona. Wakatuma mtu. Akaukuta ukurasa wa upole kulia na ule wenye makosa kushoto, kama nilivyosema.

Hapo nilimwona mumeo akibadilika rangi. Akasema polepole kwamba basi kosa ni lake, amechota rundo la kushoto bila kuangalia. Waheshimiwa hawakuamini kwamba mtu mwangalifu hivyo anaweza kukosea ukurasa huo huo na si mwingine. Walitaka awatajie aliyemtuma, adui wa yule bwana. Angemtaja nani? Wakamfunga mpaka atakapokumbuka. Mimi na Fulke tukaachiwa.

Kila siku adhuhuri nilimpelekea mkate na mchuzi. Mlinzi wa lango alinizoea akawa ananiita mtakatifu. Siku moja akaniambia, “Ndugu wengi huja wiki ya kwanza tu, mzee. Wewe una roho.” Nilimjibu asante. Thomasin, nilimjibu asante.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu hautaki kwenda. Ambrose hakuchota rundo la kushoto. Ukurasa ule ulikuwa kwenye rundo la kulia, na aliyeuweka pale ni mimi.

Wajua michezo yangu miwili iliyopita ilivyoanguka. Walinizomea, wakanirushia maganda ya njugu. Fulke alinikuta kilabuni akaniambia mbele ya watu, “Bwana Giles, maneno yako siku hizi hayamwamshi hata mlevi. Ulizeeka lini?” Wakacheka, nami nikacheka nao, nikaenda nyumbani na neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mistari minane ile ndiyo pekee niliyoiamini katika mchezo mzima. Ofisa alipoifuta niliona amenifuta mimi. Basi asubuhi moja, Ambrose alipokwenda kununua wino, niliutoa ukurasa wa upole kwenye rundo la kulia nikaweka mahali pake ule wa mistari minane, rasimu yangu ambayo kalamu ya ofisa haikuigusa. Sahihi huwa kwenye ukurasa wa mwisho tu, kwa hiyo hakuna ambacho kingemshtua. Nilijiambia kwamba hakuna mkubwa atakayesikiliza. Akanakili alichokikuta, kwa uaminifu, kama siku zote.

Na Jumamosi ile waliposhikana mabega kwa kicheko, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nalia kwa furaha. Sitakuficha hilo. Halafu niliposikia askari wako njiani, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kumwonya mtu yeyote, ni kukimbilia meza ya mumeo na kuzirudisha kurasa mahali pake, huu kulia, huu kushoto. Sikupanga kumwangamiza. Nilijipanga kujiokoa, na aliyebaki wazi ni yeye.

Adhabu iliyokuwa ikitajwa ni kukatwa masikio na kupasuliwa pua. Kwa hiyo unaweza kusema niliyabakiza masikio yangu. Kila adhuhuri nilivuka lango lile nikisema leo nitakwenda kuungama, na kila adhuhuri nilitoka nikisema kesho, akipata nafuu kidogo. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja mapema kabisa, Thomasin. Yalikuwepo kila siku tangu ile ya kwanza, na bado sikufanya kitu.

Jumatatu alinishika mkono. Alikuwa anaungua homa lakini akili ilikuwa sawa. Alisema, “Shemeji, mwambie Thomasin nilikuwa mzembe. Mawazo yangu yalikuwa nyumbani, nikachota rundo silo. Anisamehe kwa kumwachia watoto kwa sababu ya ukurasa mmoja.” Kisha akanitazama akasema, “Na wewe unisamehe. Nimekuharibia mchezo wako.”

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu, na mlinzi alikuwa mbali. Neno moja lingetosha afe akijijua kuwa hana kosa. Nikamwambia, “Nimekusamehe, Ambrose.” Akashukuru, akageukia ukuta. Asubuhi yake akakata roho.

Jana nilipita mbele ya ukumbi. Wamepewa ruhusa ya kuurudia mchezo, bila ile mistari minane. Mahali pake Fulke anacheza ngoma kidogo na ndoo kichwani. Nilisimama barabarani nikasikiliza. Wanacheka vilevile, sehemu ileile. Labda wanacheka zaidi.

Sikuombi msamaha, maana najua sasa jinsi unavyoweza kutolewa na asiyestahili kuutoa. Barua hii ina jina langu na ni mwandiko wangu huu mbovu, hakuna atakayesema ni wa mwingine. Ipeleke kwa hakimu wa huko, au kwa kasisi, au kwa yeyote unayeona afaa. Chumba changu ni kilekile juu ya duka la mfua bati, nami sitakimbia. Ukiamua kuichoma, hilo nalo ni lako.

Msalimie mama mkwe wako ikiwa bado utaweza kulitaja jina langu mbele yake. Soksi nilimpa mfungwa aliyekuwa akilala karibu na Ambrose. Na watoto watakapokuuliza baba yao alikosa nini, waambie ukweli ambao mimi sikumwambia mwenyewe. Waambie kwamba katika miaka kumi na mmoja aliyonakili kazi zangu hakukosea hata ukurasa mmoja.

Ni mimi kaka yako,
Giles Wenlock